Jicho la Mzoefu: Hoja Dhidi ya Usaili Huria

Imani inayotawala katika ofisi nyingi za waajiri, za umma na za binafsi, ni kwamba mtu aliyekaa kazini miaka mingi akipewa nusu saa ya kuzungumza ana kwa ana na mwombaji kazi atamjua. Vyeti vinaweza kughushiwa, husema watetezi wa imani hiyo, na barua za wadhamini huandikwa na marafiki, lakini namna mtu anavyoingia, anavyoketi, anavyoitikia salamu na anavyojieleza haidanganyi. Kwa hiyo usaili bora, kwa maoni yao, ni mazungumzo yasiyofungwa na orodha ya maswali, ambamo msaili humfuata msailiwa popote maneno yanapowafikisha, na mwishoni huamua kwa kadiri moyo wake ulivyoridhika. Kwa sababu imani hii humsifu kila mwenye madaraka ya kuajiri, ni nadra mtu kuidai ushahidi. Makala haya yanashikilia kwamba imani hiyo ni potofu, kwamba upotofu wake umepimwa mara nyingi kwa zaidi ya karne moja, na kwamba hasara yake huwaangukia zaidi waombaji wasio na mtu wa kuwashika mkono.

Mwaka 1915 Walter Dill Scott, mmoja wa wanasaikolojia wa kwanza wa Marekani kuipeleka taaluma yao katika biashara, alieleza jaribio ambalo mameneja 6 wa mauzo waliwasaili waombaji 36 wa kazi ya uuzaji, kila meneja akifanya tathmini yake peke yake, kisha kila mmoja akawapanga waombaji kuanzia anayefaa zaidi hadi asiyefaa. Mameneja hao walikuwa watu wa kazi hiyohiyo, waliokwisha kuajiri wauzaji wengi, na kama jicho la mzoefu lingekuwa kipimo cha kuaminika wangetarajiwa kupishana kidogo tu. Badala yake, kwa waombaji 28 kati ya 36 hawakukubaliana hata kama mtu awekwe katika nusu ya juu au nusu ya chini ya orodha. Harry Hollingworth alipochapisha mwaka 1922 matokeo ya mameneja 12 waliowapima waombaji 57, mtawanyiko ulikuwa uleule, mtu mmoja akiwekwa karibu na kilele na meneja huyu na karibu na mkia na meneja yule. Kabla hata ya kuuliza ni nani aliyekuwa sahihi, tayari kuna jambo lililodhihirika: hukumu inayobadilika kiasi hicho kulingana na nani ameketi upande wa pili wa meza inamweleza msaili zaidi kuliko inavyomweleza msailiwa.

Swali la usahihi lenyewe limejibiwa kwa kile wataalamu wanachokiita nguvu ya utabiri, yaani kiasi ambacho alama aliyopewa mtu kwenye usaili inaafikiana na utendaji wake baada ya kuajiriwa. Nguvu hiyo hupimwa kwa kipimo cha uhusiano, namba ambayo ikiwa 0 ina maana kwamba alama ya usaili haisemi lolote kuhusu utendaji, na ikiwa 1 ina maana kwamba inausema wote bila kukosea. Frank Schmidt na John Hunter, waliokusanya mwaka 1998 matokeo ya tafiti za miaka 85, waliupa usaili huria, yaani usio na maswali wala alama zilizopangwa mapema, namba ya 0.38, na usaili wenye mpangilio 0.51. Mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake walizirejea hesabu hizo, wakaonyesha kwamba masahihisho ya kitakwimu yaliyokuwa yakitumiwa yaliikuza namba ya karibu kila kipimo kupita kiasi. Usaili wenye mpangilio ukashuka hadi 0.42, lakini ukawa juu ya vipimo vingine vyote vikuu walivyovilinganisha, ukiwemo mtihani wa uwezo wa jumla wa akili uliotoka 0.51 hadi 0.31, ilhali usaili huria ulianguka hadi 0.19. Kwa lugha ya takwimu, 0.42 hueleza takribani asilimia 18 ya tofauti za utendaji kati ya wafanyakazi, na 0.19 hueleza chini ya asilimia 4. Wapo wanaosema kwamba hata 0.42 ni ndogo, na kwamba taaluma isiyoweza kueleza zaidi ya hapo haina haki ya kumfundisha meneja kazi yake. Hoja hiyo inasahau kwamba mwajiri halazimiki kuchagua kati ya yakini na kubahatisha. Yakini haipo mezani. Anachochagua ni kati ya kipimo dhaifu na kipimo dhaifu zaidi, na ni vigumu kuona kwa nini uchache wa nguvu ya kile cha kwanza uwe sababu ya kushikamana na kile cha pili.

Kwa nini basi watu wenye akili timamu wanaendelea kuamini kwamba mazungumzo huria yamewafunulia mtu? Jibu lenye kufundisha zaidi limo katika majaribio ya Jason Dana, Robyn Dawes na Nathanial Peterson, yaliyochapishwa mwaka 2013. Wanafunzi wa chuo walitakiwa kukisia alama ambazo wanafunzi wengine wangepata katika muhula uliofuata, wakiwa na rekodi ya alama za nyuma za kila mmoja. Baadhi ya makisio yalifanywa baada ya kumsaili mhusika, mengine kwa rekodi tupu. Makisio yaliyofuata usaili yalikuwa mabaya zaidi kuliko yale ya rekodi peke yake, maana mazungumzo yaliongeza habari zisizohusika ambazo zilififisha ile moja iliyohusika. Katika sehemu nyingine ya jaribio, baadhi ya wasailiwa walielekezwa kwa siri kujibu maswali ya ndiyo au hapana kwa kufuata kanuni iliyotegemea herufi za mwanzo za maneno ya mwisho ya swali, kwa hiyo majibu yao hayakuwa na uhusiano wowote na maisha yao. Wasaili hawakugundua. Zaidi ya hapo, waliopewa majibu hayo ya ovyo walijiona wamemfahamu mtu wao kwa kiwango cha juu kidogo kuliko waliopewa majibu ya kweli. Akili ya binadamu ina kipaji cha kuunganisha vipande vyovyote inavyopewa na kuvitungia kisa kinacholeta maana, na kipaji hicho, ambacho ni neema kwa msimulizi wa hadithi, ni hatari kwa mtu anayepanga riziki za wengine, kwa sababu hisia ya kuelewa humjia hata pale ambapo hapakuwa na cha kueleweka.

Hapa mtetezi wa imani iliyozoeleka huleta ngao yake kuu, nayo ni uzoefu: wanafunzi wa chuo wanaweza kudanganyika, lakini si mkurugenzi aliyeajiri mamia. Uzoefu, hata hivyo, hufundisha pale tu ambapo makosa humrudia aliyeyatenda. Fundi cherehani aliyekata kitambaa vibaya huliona kosa lake siku hiyohiyo, mteja anapojaribu nguo. Mwajiri aliyemkataa mtu ambaye angekuwa hodari kuliko wote hatamwona tena, wala hataletewa taarifa kwamba mtu huyo sasa anaing'arisha ofisi nyingine. Anaowaona ni wale aliowakubali, na wengi wao hufanya kazi kwa kiwango kinachoridhisha, hasa kwa kuwa walikwisha kupita kwenye vyeti na mchujo wa awali, naye huyahesabu mafanikio hayo kuwa ni ya jicho lake. Miaka 20 ya uzoefu wa namna hiyo huongeza kujiamini bila kuongeza usahihi.

Ni mara chache sana historia imewafungulia mlango waliokataliwa ili wapimwe sambamba na waliokubaliwa, lakini ilitokea mwaka 1979 katika shule ya udaktari ya Chuo Kikuu cha Texas mjini Houston. Chuo kilikuwa kimekwisha kuwachagua wanafunzi 150 baada ya usaili, ndipo bunge la jimbo likakitaka kiongeze nafasi 50, na wakati huo waombaji waliokuwa bado hawajachukuliwa kwingine walikuwa wale ambao usaili ulikuwa umewaweka chini kabisa ya orodha. Wakaingizwa. Robert DeVaul na wenzake, waliochapisha ufuatiliaji wao mwaka 1987, hawakupata tofauti ya maana kati ya makundi hayo mawili katika mitihani, katika mafunzo ya wodini, katika idadi ya walioacha masomo, wala katika mwaka wa kwanza wa kazi baada ya kuhitimu. Na sehemu kubwa ya pengo lililowatenga hapo mwanzo ilikuwa imetokana na maoni ya wasaili, wala haikutokana na rekodi za masomo. Madaktari waliokuwa wakiwasaili vijana hao hawakuwa wazembe wala wenye nia mbaya. Walikuwa wazoefu, walichukua kazi yao kwa uzito, na hukumu zao kuhusu watu 50 hazikuwa na thamani ya utabiri.

Kama kasoro ya usaili huria ingekuwa kukosa usahihi tu, ingekuwa hasara ya kiuchumi na ingetosha kuachiwa wahasibu. Lakini pengo linaloachwa na habari za kazi halibaki tupu. Hujazwa na mambo mengine, na mambo hayo huwa na mwelekeo. Edward Thorndike alionyesha mwaka 1920, kwa kuchunguza alama ambazo maofisa wa jeshi la Marekani waliwapa walio chini yao, kwamba mtu aliyepewa alama ya juu kwa umbo na mwonekano alielekea kupewa alama ya juu pia kwa akili, uongozi na tabia, kana kwamba sifa moja iliyong'aa ilizimwagia nuru nyingine zote. Lauren Rivera, aliyezungumza na waajiri 120 wa kampuni kubwa za sheria, za uwekezaji na za ushauri nchini Marekani na kuchapisha matokeo mwaka 2012, alikuta kwamba wengi walimpima mwombaji kwa kujiuliza kama wangefurahia kukaa naye: michezo aliyocheza, mahali alikokwenda likizo, namna anavyosimulia maisha yake. Hayo waliyaita kufaa kwa utamaduni wa kampuni, na kwa vitendo yalimaanisha kufanana na waliokwisha kuwamo.

Afrika Mashariki haihitaji kuagiza mfano huo kutoka nje. Katika mazungumzo yasiyo na mpangilio, jina la ukoo hutaja kabila, lafudhi hutaja wilaya, na swali linaloulizwa kwa wema kabisa, la kwenu ni wapi, huweza kuwa mwanzo wa ukaribu kwa mwombaji mmoja na mwisho wa matumaini kwa mwingine. Shule aliyosoma mtu hutaja kipato cha wazazi wake. Mwanamke huulizwa kama ameolewa na kama ana mtoto mchanga, mambo ambayo mwanamume aliyetoka chumbani dakika kumi kabla yake hakuulizwa, na jopo likirudi kulinganisha alama zao linalinganisha watu wawili waliofanya mitihani miwili tofauti. Msaili aliyepata mtu wa kwao hahitaji kuwa mla rushwa ili ampendelee. Inatosha mazungumzo yawe matamu, na utamu huo uandikwe kwenye karatasi ya alama kwa jina la kujiamini na uwezo wa mawasiliano. Murray Barrick na wenzake walionyesha mwaka 2010 kwamba hisia anazopata msaili katika dakika chache za kusalimiana na kuzoeana, kabla hata swali la kwanza la kazi halijaulizwa, zinahusiana na alama za mwisho za usaili, na kwa jamii ambazo salamu ni ndefu na hubeba ukoo, umri na dini, matokeo hayo yanastahili kutia wasiwasi.

Kuna wanaodhani kwamba uwazi unatosha kuwa tiba. Kenya, chini ya Katiba ya mwaka 2010, imewazoesha wananchi kuwatazama waombaji wa nafasi za juu za mahakama wakisailiwa hadharani, na hatua hiyo imeondoa mengi yaliyokuwa yakifanyika gizani. Lakini mwaka 2011, Willy Mutunga alipokuwa akiwania nafasi ya Jaji Mkuu, kipuli alichovaa sikioni kilikuwa miongoni mwa mambo yaliyohojiwa na kujadiliwa sana, ilhali hakuna anayeweza kueleza kipuli kinahusiana vipi na uandishi wa hukumu au usimamizi wa mahakama. Mutunga aliteuliwa, kwa hiyo swali hilo halikumnyima kazi. Lakini mwombaji wa ukarani asiye na jina wala watetezi hana kinga hiyo. Uwazi huwawezesha watu kuliona swali lisilofaa likiulizwa. Mpangilio hulizuia lisiulizwe.

Usaili wenye mpangilio ni utaratibu ambamo maswali hutokana na uchambuzi wa kazi yenyewe, kila msailiwa huulizwa yaleyale kwa mfuatano uleule, kila jibu hupimwa kwa mwongozo ulioandikwa kabla, na kila mjumbe wa jopo huandika alama zake kabla ya kusikia za wenzake. Tuseme bohari ya dawa ya hospitali inatafuta mtunza stoo. Badala ya kumuuliza mtu udhaifu wake mkubwa ni upi, au anajiona wapi baada ya miaka 5, jopo linampa hali iliyowahi kutokea katika bohari hiyo: gari limefika saa kumi jioni, hati ya mzigo inaonyesha katoni 40, zilizohesabiwa ni 37, na dereva anasisitiza atiliwe sahihi kwa sababu ana safari ndefu, utafanya nini? Wasimamizi wa stoo wamekwisha kuafikiana kwamba anayetia sahihi kwa ahadi ya kuletewa katoni 3 kesho anapata alama 1, anayekataa mzigo wote na kuiacha hospitali bila dawa anapata 3, na anayeuandika upungufu kwenye hati, akamtaka dereva atie sahihi, akapokea zilizopo na kumjulisha msimamizi siku hiyohiyo anapata 5. Swali la aina hii, ambalo Gary Latham na wenzake waliliasisi kiutafiti mwaka 1980, halijali mwombaji anatoka wapi wala kama tabasamu lake linapendeza. Lipo pia swali la mwenendo uliopita, linalomtaka mtu aeleze tukio halisi alilowahi kulishughulikia na hatua alizochukua. Ukiongezwa usaili wa vitendo, yaani kumpa mwombaji sehemu ya kazi aifanye mbele ya wasaili, kama Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma ya Tanzania inavyofanya kwa baadhi ya kada baada ya mtihani wa mchujo, kinachopimwa kinazidi kuikaribia kazi.

Pingamizi linalosikika kwa uchungu zaidi ni la utu: kwamba orodha ya maswali na alama humgeuza msailiwa kuwa fomu na msaili kuwa mashine. Pingamizi hilo lina umri wa kutosha kuwa na historia. Mwaka 1955 Daniel Kahneman, aliyekuja kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002, alikuwa ofisa kijana katika jeshi la Israeli, akapewa kazi ya kurekebisha usaili wa askari wapya ambao ulikuwa hautabiri chochote. Akifuata mafunzo ya Paul Meehl, aliyeonyesha mwaka 1954 kwamba hukumu za wataalamu hazizishindi kanuni rahisi za kihesabu, aliwataka wasaili wapime sifa 6 mojamoja kwa maswali ya mambo halisi ya maisha ya askari, kila sifa ikipewa alama kabla ya kuhamia nyingine. Wasaili walilalamika kwamba wanafanywa mashine. Kahneman aliwaruhusu, baada ya kumaliza alama zote 6, wafumbe macho, wamfikirie askari huyo na kutoa alama moja ya jumla ya hisia zao. Matokeo yalikuwa kwamba jumla ya alama 6 ilitabiri vizuri zaidi kuliko njia ya zamani, na ile alama ya hisia, iliyotolewa baada ya nidhamu hiyo, ilitabiri vizuri sawasawa na jumla hiyo. Kwa hiyo utaratibu haukuiua hekima ya msaili. Uliilisha kwanza, ndipo ukaipa nafasi ya kusema. Na kuhusu utu wa msailiwa, ni vigumu kuona heshima iliyomo katika kumwacha mtu aliyesafiri usiku kucha kwa basi kutoka Kigoma ahukumiwe kwa maswali ambayo mwenzake hakuulizwa.

Pingamizi la kwamba waombaji watayakariri maswali ni la kiutendaji, na dawa yake ni kutunga hali mpya mara kwa mara na kuyatunza maswali kama mitihani inavyotunzwa. Tena udhaifu huo unayakabili zaidi maswali ya mazoea, ambayo majibu yake huuzwa hata kwenye vijitabu. Pingamizi la gharama lina uzito kwa mwenye duka la watu watatu, lakini hata yeye anaweza kukaa saa moja na kuandika maswali matano.

Lipo jambo moja ambalo watetezi wa mpangilio wenyewe hulipita haraka mno. Maswali yaleyale kwa watu wote hayawi sawa kwa wote ikiwa yanaulizwa kwa lugha ambayo kazi haifanywi nayo. Muuguzi wa zahanati ya Tanzania atazungumza Kiswahili na wagonjwa wake siku nzima, hivyo akihojiwa kwa Kiingereza namna ya kumpokea mama mwenye uchungu wa uzazi, anayepimwa zaidi ni mwalimu wake wa sekondari. Mpangilio uliokosewa hapo huuandika ubaguzi kwa namba na kuupa sura ya haki, na huo ni ubaya mkubwa kuliko hisia za msaili mmoja, kwa sababu hurudiwa kwa kila mwombaji bila mtu kuutilia shaka. Lugha ya usaili inapaswa kutokana na uchambuzi wa kazi, sawa na maswali yenyewe.

Sheria, kwa upande wake, imekwisha kuitangulia desturi ya waajiri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004, katika kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kwa misingi ya kabila, mahali mtu anakotoka, dini, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, ulemavu na mingineyo. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, katika kifungu cha 5, inamlinda hata mtu ambaye bado anaomba kazi, na inamtwika mwajiri anayelalamikiwa mzigo wa kuthibitisha kwamba ubaguzi haukutokea. Mwajiri mwenye maswali yaliyoandikwa, mwongozo wa alama na karatasi za kila mjumbe wa jopo ana cha kuiwekea mahakama mezani; aliyeamua kwa jicho lake atalazimika kueleza kwamba mwombaji hakumpendeza, na maelezo hayo ndiyo hasa ambayo mlalamikaji amekuja kuyalalamikia.